Filamu ya wadukuzi tuliyoidharau ina somo kwa watu wa mpakani

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Leo, ndugu msomaji, naomba nichukue muda wako kidogo nizungumzie sinema. Najua wapo watakaosema kwamba mwandishi amekosa la kuandika, wakati pale Mpondwe watu wanahangaika na ushuru, bei ya dola na ubovu wa barabara. Nawaomba wavute subira, kwani sinema ninayotaka kuizungumzia inahusu fedha zao.

Mwezi uliopita nilipanda Bwesumbu kumjulia hali binamu yangu. Amerudi nyumbani baada ya miaka sita ya kulinda maduka huko Dubai, na sasa ananunua kahawa kwa wakulima wa mlimani na kuiteremsha Kasese. Jioni hiyo mvua ilinyesha, umeme ukakatika. Akafungua kompyuta ndogo aliyorudi nayo, ikiwa bado na chaji, tukatazama filamu moja kati ya nyingi alizokuwa amezihifadhi humo.

Filamu hiyo inaitwa Blackhat, yaani kofia nyeusi. Jina hilo linatokana na sinema za zamani za wachunga ng'ombe wa Marekani, ambamo mtu mbaya alivaa kofia nyeusi. Kwa watu wa kompyuta, mwenye kofia nyeusi ni mdukuzi anayeingia katika mitambo ya wengine kwa nia ya kuiba au kuharibu.

"Kaka, hii niliianza mara mbili kule kambini nikalala," binamu yangu aliniambia ilipokwisha. "Leo nimeimaliza."

Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu, "Kule nilikuwa nalinda mali ya watu. Sasa nina fedha zangu mwenyewe ndani ya simu."

Jibu hilo limenifanya niandike makala haya.

Blackhat iliongozwa na Michael Mann, ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa Heat ya mwaka 1995, ile ya majambazi wa benki, na kwa Ali ya mwaka 2001, iliyoeleza maisha ya bondia Muhammad Ali hadi pambano lake la Kinshasa mwaka 1974. Ilitolewa Marekani Januari 2015, na mhusika mkuu aliigizwa na Chris Hemsworth, kijana wa Australia aliyekuwa tayari na jina kubwa.

Mambo hayakwenda vizuri. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 70 ilikusanya chini ya dola milioni 20 duniani kote. Huko Australia, nyumbani kwa mwigizaji mwenyewe, wasambazaji walifuta mpango wa kuionyesha kwenye majumba ya sinema. Wahakiki wengi waliiponda, na baada ya wiki chache ikasahaulika.

Kwa wale ambao hawajaiona, nitaieleza kwa ufupi. Mdukuzi asiyejulikana anaingia kwenye mitambo ya kinu cha umeme wa nyuklia huko Hong Kong na kuharibu pampu za kupooza joto, kinu kinalipuka. Muda mfupi baadaye anaingia katika soko la bidhaa la Chicago na kupandisha bei ya soya kwa hila. Ofisa mmoja wa jeshi la China anagundua kwamba sehemu ya programu iliyotumika aliiandika zamani yeye pamoja na mwanafunzi mwenzake wa Marekani, Nicholas Hathaway, ambaye sasa yuko gerezani kwa makosa ya kompyuta. Serikali mbili zinakubaliana atolewe kwa masharti, akiwa amefungwa kifaa cha kumfuatilia mguuni, asaidie kumsaka mhalifu.

Msako unawapeleka Los Angeles, Hong Kong, Malaysia na hatimaye Jakarta. Huko Malaysia ndipo siri inapofichuka, nami nitaieleza mbele kidogo, kwa kuwa ndiyo sehemu inayotuhusu sana sisi wa Kasese.

Kwanza tuwatendee haki walioikosoa. Walisema Hemsworth, mwenye kifua cha mnyanyua vyuma, hafanani na mtu aliyekesha miaka mingi mbele ya kompyuta. Ni kweli. Walisema mapenzi kati yake na Chen Lien, aliyeigizwa na Tang Wei, yameharakishwa. Ni kweli pia. Walisema mazungumzo mengine hayasikiki vizuri na kwamba mwisho wake, watu wanapochomana visu katikati ya umati, haufanani na filamu ya kompyuta. Hilo nalo lina ukweli kiasi. Hata mwongozaji hakuridhika, maana mwaka 2016 alionyesha huko Brooklyn, New York, toleo alilolipanga upya, na ule mlipuko wa kinu akausogeza mbele kutoka mwanzo wa hadithi.

Pamoja na hayo, kwa maoni yangu walioitupa filamu hii walitupa mbachao kwa msala upitao. Waliangalia kifua cha mwigizaji wakaacha kusikiliza alichokuwa anasema. Miaka zaidi ya kumi imepita, na mambo mawili ambayo Blackhat iliyasema tumeyaona yakitokea, mengine mlangoni petu. La kwanza ni kwamba wizi wa kompyuta huingia kupitia binadamu. La pili ni kwamba hasara yake haibaki ndani ya kompyuta, bali humfikia mtu aliyeko bondeni.

Tuanze na la kwanza. Katika filamu hiyo Hathaway anahitaji kuingia kwenye mtambo wa siri wa shirika la ujasusi la Marekani. Anachofanya ni kumwandikia ofisa mmoja barua pepe akijifanya bosi wake, akimtaka abadilishe neno lake la siri kwa sababu za usalama, na kumwambatanishia waraka wa maelekezo. Ofisa anaufungua waraka, na programu iliyofichwa humo inarekodi kila herufi anayoibonyeza. Kwa utiifu wake mwenyewe anakabidhi funguo za nyumba.

Mahali pengine Chen Lien anaingia benki akiwa amevaa vizuri, ameshika karatasi zilizomwagikiwa kahawa. Anamwomba mtu wa mapokezi amsaidie kuchapisha nakala nyingine kutoka kwenye flashi yake, kwani ana kikao. Nani angemnyima msaada mama mstaarabu mwenye shida ndogo kama hiyo? Flashi inachomekwa, na benki imeshaingiliwa.

Mwaka 2015 watazamaji waliona mambo haya ni mepesi mno. Walitaka kuona vijana wakipiga vibonye kwa kasi huku namba za kijani zikiteremka kwenye kioo. Hebu sasa tuangalie yaliyofuata.

Februari 2016, mwaka mmoja tu baada ya filamu kutoka, wadukuzi walituma maagizo bandia kwa jina la Benki Kuu ya Bangladesh, wakitaka kuhamisha karibu dola bilioni 1 kutoka kwenye akaunti yake iliyoko New York. Maagizo mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino, na sehemu kubwa ikapotelea kwenye kasino za Manila. Uchunguzi wa Marekani ulieleza baadaye kwamba wezi walitanguliza barua pepe za mtu aliyejifanya anaomba kazi, akiomba wafanyakazi wa benki wafungue maelezo yake. Mfanyakazi anayefungua barua ya mwombaji kazi hana tofauti na yule wa mapokezi aliyepokea flashi.

Tuje nyumbani. Mwanzoni mwa Oktoba 2020 wezi waliingia katika mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni ya kati iliyokuwa ikiunganisha huduma za fedha za simu na benki. Benki ya Stanbic pamoja na MTN na Airtel walilazimika kutangaza kwamba kumetokea tatizo kwa mtoa huduma wa tatu, na miamala kati ya benki na simu ikasimamishwa kwa muda. Mwananchi aliyekuwa na fedha benki akitaka kuzivuta kwenye simu alikwama, ingawa hakuwahi kulisikia jina la kampuni hiyo ya kati.

Kisha Novemba 2024 magazeti yakaripoti kwamba wadukuzi wamechota mabilioni ya shilingi kutoka Benki Kuu ya Uganda. Waziri wa Nchi wa Fedha, Henry Musasizi, aliliambia Bunge tarehe 28 Novemba kwamba ni kweli akaunti ziliingiliwa, ingawa si kwa kiwango kilichotajwa. Nchi nzima ikaanza kuwawazia vijana wa ng'ambo waliojifungia chumbani na kompyuta zao. Lakini Februari 2025 waliofikishwa mahakamani walikuwa maofisa wa Wizara ya Fedha, wakituhumiwa kuhusu malipo ya madeni ya serikali yaliyoelekezwa kwenye akaunti zisizohusika huko ng'ambo. Hukumu ni kazi ya mahakama, wala si yangu. Ninachosema ni kwamba upelelezi ulipoanza kufuata nyayo, zilielekea kwenye meza za ofisi, kwa watu wenye vitambulisho vya kazi.

Na huku chini kwetu je? Shemeji yangu mmoja anauza samaki wa chumvi pale Mpondwe. Wateja wake wengi huvuka kutoka Kasindi siku za soko, Jumanne na Ijumaa. Siku moja alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole.

"Mama, shikamoo. Tunakupigia kutoka ofisini," sauti ilisema. "Zile laki tatu ulizotumiwa asubuhi zimeingia na kasoro. Tusaidie tuzirekebishe kabla laini yako haijafungwa."

Shemeji alishangaa, kwani kweli alikuwa ametumiwa laki tatu asubuhi hiyo, na mpigaji alimtaja kwa jina lake kamili. Akafuata maelekezo, akabonyeza alichoambiwa abonyeze, akaweka namba yake ya siri. Jioni alipotaka kulipa mzigo wa samaki alikuta shilingi milioni moja na laki nne zimeondoka, karibu mtaji wake wote.

Alipokwenda kulalamika aliulizwa swali moja tu, "Namba ya siri ulitoa wewe au hukutoa?" Alipokubali, wakamwambia hawana la kumsaidia. Hakuna aliyejiuliza yule mpigaji alijuaje jina lake na kiasi alichopokea saa chache tu zilizopita. Hapo ndipo ilipokuwa ile barua ya bosi ya kwenye filamu. Ofisa wa ujasusi mwenye mafunzo yote ya Marekani alidanganywa kwa njia hiyo hiyo, nasi tunamcheka muuza samaki kwamba ni mshamba.

Nilimsimulia shemeji tukio lile la kwenye filamu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hata wao." Toka siku alipoibiwa alikuwa akiona aibu kuzungumza jambo hilo hata kanisani. Kwangu mimi maneno hayo mawili yanatosha kuipa filamu hiyo heshima yake.

Sasa tuingie kwenye jambo la pili, yaani bei na bonde.

Nilisema kwamba siri inafichuka Malaysia. Hathaway na wenzake wanafika katika jimbo la Perak na kukuta pampu za aina ile ile iliyoharibiwa kwenye kinu cha Hong Kong. Wanatambua kwamba kinu kilikuwa majaribio tu. Shabaha halisi ni kufurika kwa bonde la mto lenye migodi ya bati, ili migodi isimame, bati iadimike na bei ipande. Mhalifu alikuwa amekwisha kujipanga kununua bati kwa bei ya zamani na kuiuza kwa bei mpya. Watu wanaoishi bondeni hawamo kwenye hesabu zake.

Wahakiki wengi waliona mpango huo ni wa kubuni mno. Nani atagharikisha bonde zima kwa ajili ya bei ya bati? Nadhani hawakuwa wakiishi mahali ambapo bei ya London na maji ya mlimani huamua mtoto ataenda shule au hataenda.

Sisi wa Kasese tunaishi hapo. Shaba ya Kilembe ilianza kutoka kwa wingi mwaka 1956, wakati reli ilipofika Kasese. Miaka ya 1970 bei ya shaba duniani ilianguka, utawala wa Amin ukavuruga mambo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ukasimama. Wazee waliofanya kazi humo wanajua maana ya kupoteza ajira kwa sababu ya namba iliyoandikwa katika mji ambao hujawahi kufika.

Maji nayo tunayajua. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukaua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Mei 2020 ukafurika tena na kuiharibu Hospitali ya Kilembe. Mafuriko hayo yaliletwa na mvua, hayakuletwa na mdukuzi yeyote, na sitaki msomaji anielewe vibaya. Lakini mtu aliyeona mawe ya Nyamwamba yakibingirika hawezi kutazama lile bonde la Perak akasema ni mchezo wa kuigiza tu.

Kuhusu bati hatuna haja ya kwenda Malaysia. Ng'ambo ya mpaka, katika Kivu Kaskazini, kuna mgodi wa Bisie wilayani Walikale, ambao hutoa karibu asilimia 6 ya bati yote inayochimbwa duniani. Machi 2025 kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi mgodini humo kwa sababu waasi wa M23 walikuwa wakisogea. Bei ya bati katika soko la London ikapanda mara moja. Kazi ilianza kurejea mwezi Aprili, lakini katika wiki hizo wapo waliopata faida ambao hawakuwa wamesikia mlio hata wa risasi moja, na wapo waliokimbia na magodoro kichwani ambao hawajui London iko upande gani.

Hoja ya Mann ilikuwa ndiyo hiyo. Mtu aliyekaa mbali, mwenye kompyuta na subira, anaweza kupata utajiri kutokana na gharika ya wengine. Katika filamu gharika hiyo inaanzishwa kwa kirusi cha kompyuta. Mann hakukitoa hewani, kwani mwaka 2010 dunia ilikuwa tayari imegundua kirusi cha Stuxnet, kilichoharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, bila ya bomu lolote kudondoshwa.

Hata ile soya ya Chicago inatuhusu. Badala ya soya weka kahawa. Februari 2025 bei ya Arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa kabla yake. Sababu zilizotajwa zaidi ni ukame wa Brazil, na hakuna aliyesema ni wadukuzi. Lakini mkulima wa Bwesumbu anayeletewa bei mpya na mnunuzi kila wiki hana njia ya kujua kama bei hiyo imeletwa na ukame, na uvumi au na hila. Anapokea tu. Binamu yangu, ambaye ndiye mnunuzi, alikiri kwamba hata yeye hupokea ujumbe kutoka kwa tajiri wake wa Kampala na kuupeleka mlimani jinsi ulivyo. Je, siku mtu atakapoingilia simu ya tajiri huyo na kutuma bei ya uongo kwa wanunuzi wote wa mlimani, nani atajua? Nani atamrudishia mkulima kahawa yake?

Lipo jambo moja zaidi ambalo ningependa ndugu zetu waliorudi kutoka ng'ambo walitazame. Hathaway anatoka gerezani akiwa na kifaa mguuni, na kila anapokwenda watu wanamtazama mguu kwanza. Ujuzi wake unahitajika, yeye mwenyewe haaminiwi. Wengi waliorudi kutoka Dubai, Muscat au Riyadh wanaijua hali hiyo. Akijenga nyumba, wanauliza fedha katoa wapi. Asipojenga, wanauliza alikwenda kufanya nini.

Na hatari nyingine inawasubiri. Asia ya Kusini Mashariki, ambako Mann alimalizia hadithi yake, sasa ina makambi ya utapeli wa mtandaoni. Vijana huitwa kwa ahadi ya kazi ya kompyuta Thailand, wakifika huvushwa hadi Myanmar, hunyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kuwatapeli watu kwa simu usiku na mchana. Februari 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye makambi hayo, Wakenya, Waethiopia na Waganda wakiwemo. Kijana aliyekwisha kufanya kazi Uarabuni, anayejua Kiingereza na ambaye mkataba wake umekwisha, ndiye hasa anayewindwa na mawakala hao. Aliyerudi kutoka huko tusimwite mwizi kabla ya kumsikiliza, maana wengi wao ni watu walioibiwa kwanza wenyewe.

Hata hivyo, siisifu filamu hii bila kipimo. Kosa lake kubwa kwangu halikutajwa na wahakiki wa Marekani. Inamfuata mdukuzi na msakaji wake, lakini haimfuati mtu wa bondeni. Tunaliona bonde la Perak, hatumwoni mama hata mmoja anayeishi humo. Mwishoni Hathaway anamshinda adui yake na kuondoka na fedha zake, nasi tunatakiwa tushangilie. Kijana wa Bwera akiitazama vibaya anaweza kudhani somo ni kwamba mwizi hodari huishia kuwa tajiri mwenye mke mzuri. Tena ina umwagaji damu mwingi, si ya kuonyeshwa watoto.

Ndiyo maana napendekeza mambo machache.

Kwanza, wale vijei wetu wa vibanda vya video wanaotafsiri filamu za mapigano waichukue na hii. Vijei mzuri hatafsiri maneno tu, husimamisha picha akaeleza. Akisimamisha pale ofisa anapofungua waraka wa bosi na kusema, "Jamani, hii ndiyo ile simu ya ofisini mliyopigiwa juzi," atakuwa amefundisha kuliko semina tatu za hotelini.

Pili, kampuni za simu na benki ziache kumjibu mteja kwa lile swali moja la namba ya siri. Mwizi anapojua jina la mteja na kiasi alichopokea, lazima waulize habari hizo zimetoka wapi, na wamjibu mteja kwa maandishi. Maonyo yatolewe kwa lugha ambazo watu wa soko wanazungumza, yaani Lukonzo na Kiswahili. Mkonzo wa upande huu na Mnande wa upande ule wanaelewana vizuri, na tapeli anawaelewa wote wawili.

Tatu, polisi waweke ofisa anayejua makosa haya pale pale Mpondwe, siku za soko. Fedha iliyoibwa kwa simu hutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache, pengine ng'ambo ya mto Lhubiriha, ilhali mlalamikaji anaambiwa aje kesho na nauli ya kwenda mjini.

Nne, wabunge wetu wakumbuke kazi ya sheria. Tunayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, iliyorekebishwa mwaka 2022. Kifungu kilichotupigisha kelele zaidi kilikuwa cha 25, kilichohusu maneno ya kuudhi, nacho Mahakama ya Katiba ilikibatilisha Januari 2023. Tumetumia miaka mingi tukibishana nani ameandika nini juu ya nani. Ni lini tutabishana kwa nguvu hizo hizo juu ya mtaji wa muuza samaki?

Tano, sisi wenyewe. Mtu aliyetapeliwa asifiche. Aibu yake ndiyo inayompa mwizi nafasi ya kumpigia jirani yake kesho.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijateremka kutoka Bwesumbu, binamu yangu alikaa na wakulima wake barazani. Aliwaambia kwamba kuanzia sasa bei ya kahawa ikibadilika ghafla kwa ujumbe wa simu, atampigia tajiri kwa sauti na kuwawekea wasikie wote, kabla ya gunia hata moja kupimwa. Mzee mmoja akamwuliza wazo hilo amelipata wapi, Dubai?

"Hapana, baba," akajibu. "Kwenye sinema."

Wazee wakacheka, lakini wakakubali.

Naomba kutoa hoja.